Kombe Hili Huchukuliwa Ugenini

Tarehe 24 Mei 2025, Uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria. Mamelodi Sundowns wanaongoza 1-0 dhidi ya Pyramids ya Misri katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Dakika tisini zimekwisha, mashabiki wamesimama wanaimba. Dakika za nyongeza mpira unatua ndani ya boksi, Walid El Karti anaruka na kupiga kichwa. 1-1. Uwanja ukawa kama umemwagiwa maji.

Kwangu mimi fainali iliishia pale. Wiki moja baadaye Pyramids walishinda 2-1 Cairo, na bao la kwanza akafunga Fiston Mayele, yule yule tuliyemzoea akiwa na jezi ya Yanga. Picha za kombe zilipigwa Cairo, fataki zikarushwa Cairo. Lakini kombe lenyewe lilikuwa limeshachukuliwa Pretoria, kwa kichwa kile cha dakika za mwisho.

Nimeifuatilia historia ya mashindano haya kwa miaka mingi, tangu yalipokuwa Klabu Bingwa Afrika hadi yalipogeuka kuwa Ligi ya Mabingwa, na kila nikiirudia naona jambo lile lile. Nyumbani unakabidhiwa kombe, unalichukua ugenini. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu sisi Watanzania fahari yetu kubwa kwenye mashindano haya ni msemo wa nyumbani: Kwa Mkapa hatoki mtu, yaani mgeni haondoki salama Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam. Nimeimba msemo huo na bado nauamini. Ila haujawahi kutufikisha hata nusu fainali ya mashindano haya.

Tuanze mwanzo kabisa, Accra, Februari 1965. Timu nne zilikutana pale kumaliza mashindano ya kwanza: Oryx Douala ya Cameroon, Stade Malien ya Mali, Real Republicans ya Ghana na Cotton Factory ya Ethiopia. Hiyo ya mwisho naitaja makusudi, maana wengi hatukumbuki kwamba ukanda wetu ulikuwapo kwenye nne bora siku ya kwanza kabisa. Oryx, chini ya kapteni Samuel Mbappé Leppé, iliwatoa wenyeji Real Republicans kwenye nusu fainali, kisha ikaifunga Stade Malien 2-1. Bingwa wa kwanza wa Afrika alimtoa mwenye uwanja palepale kwenye uwanja wake.

Fainali ya nyumbani na ugenini ilianza mwaka 1966. Stade d'Abidjan walifungwa 3-1 Bamako na Real Bamako ya Salif Keita, kisha wakashinda 4-1 Abidjan. Keita alifunga mabao 14 katika mashindano hayo, rekodi inayotajwa hadi leo, na bado hakupata kombe. Mwaka wa kwanza alipoteza fainali akiwa Stade Malien, mara ya pili akiwa Real Bamako. Watu wanaodhani soka hulipa kila anayestahili wamtazame kijana yule wa Mali.

Mwaka 1967 kikatokea kituko ambacho kingetokea leo mitandao ingewaka moto wiki nzima. TP Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo tunaiita TP Mazembe, ilitoka sare 1-1 na Asante Kotoko mjini Kumasi, kisha sare nyingine ya 2-2 Kinshasa. Mshindi hakupatikana, na suala la kuamua kwa kura ya bahati likashindikana. CAF, Shirikisho la Soka Afrika, ikapanga mchezo wa tatu Yaoundé. Englebert wakaenda, Kotoko hawakutokea. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba taarifa ya mchezo haikuifikia klabu kwa wakati. Kombe likaenda Lubumbashi.

Kotoko walisubiri miaka mitatu. Mwaka 1970 wakakutana tena na Englebert kwenye fainali, Kumasi ikaisha 1-1 tena, na safari ya Kinshasa ikawa ile ile. Safari hii walishinda 2-1 mbele ya umati wa Kinshasa, dhidi ya timu iliyokuwa ikicheza fainali yake ya nne mfululizo. Nikiulizwa ushindi mkubwa kuliko wote wa miaka ya mwanzo, nautaja huo bila kusita. Fikiria safari zenyewe: miaka ile kutoka nchi moja ya Afrika kwenda nyingine mara nyingi ilibidi kwanza upande ndege ya kwenda Ulaya. Unafika umechoka na joto ni la kwao, halafu mwamuzi humjui.

Kati ya hizo fainali mbili kuna moja ambayo huwa inanigusa zaidi, ya mwaka 1969. Ismaily inatoka Ismailia, mji ulio kando ya Mfereji wa Suez. Baada ya vita vya 1967 mji ule ulikuwa mstari wa mbele wa mapigano, wakazi wake wakahamishwa, na timu ikawa haina pa kuita nyumbani. Ilikwenda Kinshasa ikapata sare ya 2-2 na Englebert, ikashinda 3-1 Cairo, ikawa klabu ya kwanza ya Kiarabu kutwaa ubingwa wa Afrika. Timu iliyonyang'anywa nyumbani kwao na vita ndiyo iliyofungua mlango ambao Ahly na Zamalek za Cairo walikuja kuupita baadaye.

Miaka ya sabini kombe lilikuwa letu, watu wa kusini mwa Sahara. Katika fainali kumi, kuanzia Kotoko ya 1970 hadi Union Douala ya 1979, moja tu ilikwenda Kaskazini. Hafia ya Conakry, iliyobebwa na serikali ya Rais Sékou Touré wa Guinea kama jambo la heshima ya taifa, ilitwaa kombe mara tatu: 1972, 1975 na 1977. Ya kwanza iliwaumiza ndugu zetu. Simba ya Kampala, timu ya jeshi la Uganda, ndiyo klabu ya kwanza ya Afrika Mashariki kucheza fainali. Ilifungwa 4-2 Conakry. Kule Kampala ilihitaji ushindi, lakini Hafia ikashinda tena, 3-2, na jumla ikawa 7-4.

Na Hafia hao hao walionja upande wa pili wa shubiri. Mwaka 1976 waliifunga MC Alger 3-0 Conakry. Mabao matatu mfukoni! Ukiwa na akiba ya namna hiyo unapaswa kwenda Algiers kutembea tu. Wakafungwa 3-0, wakapoteza fainali kwa mikwaju ya penalti. Kila ninaposikia mtu akisema "tukishinda tatu hapa nyumbani kazi imekwisha," naikumbuka Hafia.

Halafu mambo yakageuka, na yakageuka kwa nguvu. Kuanzia 1984 hadi 1994, miaka 11 mfululizo, bingwa alitoka Afrika Kaskazini. Zamalek, FAR Rabat, Ahly, Sétif, Raja, Kabylie, Club Africain, Wydad, Espérance, wakawa wanapokezana kama kijiti. (Sétif ya 1988 nchini kwao ilikuwa daraja la pili, hebu lipime hilo.) Sababu zinajulikana. Wachezaji bora wa Afrika Magharibi na ya Kati walianza kuondoka mapema kwenda Ulaya, uchumi wa nchi nyingi ukayumba, na vilabu vilivyoegemea mikono ya marais vikalegea wakati mikono hiyo ilipolegea. Kaskazini walikuwa na uwezo wa kuwalipa wachezaji wao wakabaki nyumbani. Hilo silibishi. Lakini kuna watu huliishia hapo, wakahitimisha kwamba ni fedha tu, tukatafute fedha. Mimi naona walijifunza pia kusafiri.

Aliyevunja mnyororo huo alifanya nini? Orlando Pirates, 1995, walitoka sare ya 2-2 nyumbani Johannesburg na ASEC Mimosas. Kila mtu aliwazika. Wakaenda Abidjan wakashinda 1-0, bao la Jerry Sikhosana. Hearts of Oak mwaka 2000 waliifunga Espérance 2-1 palepale Tunis kabla hata ya mchezo wa Accra. Raja mwaka 1999 walikwenda Tunis baada ya sare tasa nyumbani, wakabana wakapata nyingine, wakashinda kwa penalti. Ahly mwaka 2006 walitoka sare 1-1 Cairo na Sfaxien ya Tunisia, na walionekana wamekwisha Radès, kando ya Tunis, hadi Mohamed Aboutrika alipopiga shuti la dakika za majeruhi. Mwaka uliofuata Étoile du Sahel wakaja Cairo wakawalipa, 3-1. Mwaka 2012, miezi michache baada ya mashabiki wa Ahly zaidi ya sabini kupoteza maisha uwanjani Port Said, Ahly walitoka sare nyumbani kisha wakashinda 2-1 Radès. Kikosi kile kilibeba msiba mzito mgongoni na hakikuwa na ligi ya kucheza nchini kwao. Mchezo ule siwezi kuuzungumzia kama mchezo wa kawaida.

Na kwa kuwa tunawataja mashujaa wa ugenini, wa kwetu yupo. Mwaka 2011 Simba ya Dar es Salaam ilitolewa na Mazembe, lakini Mbwana Samatta alicheza kiasi kwamba wenyeji wa Lubumbashi walimchukua wakaondoka naye. Mwaka 2015 Mazembe wakashinda 2-1 Algiers dhidi ya USM Alger kwenye mchezo wa kwanza wa fainali, kisha 2-0 nyumbani. Samatta alifunga kwenye michezo yote miwili na kumaliza akiwa kinara wa mabao kwa mabao saba sawa na Bakri Al-Madina. Thomas Ulimwengu naye alikuwa kwenye kikosi hicho. Watanzania wawili mabingwa wa Afrika, na walipata medali zao kwa klabu iliyojua kwenda Algiers kushambulia.

Ni haki nitaje mfano unaonipinga. Espérance mwaka 2018 walifungwa 3-1 na Ahly kule Alexandria, wakapindua meza kwa 3-0 Radès. Ushindi wa nyumbani kabisa. Ila tazama vizuri ile "moja" ya Alexandria. Wangefungwa 3-0 wangerudi na mlima. Lile bao moja, kwa kanuni ya bao la ugenini, ndilo lililofanya mabao mawili tu yatoshe.

Mwaka uliofuata ndio ule wa aibu. Tarehe 31 Mei 2019, Radès, Wydad ya Morocco wako nyuma 1-0 dhidi ya Espérance baada ya sare ya 1-1 Rabat. Wanasawazisha kwa kichwa, mwamuzi anasema ameotea. Wydad wanaomba VAR, ule mfumo wa marudio ya video, kumbe VAR haifanyi kazi. Wakagoma kuendelea. Baada ya kusubiri kwa muda mrefu Espérance wakatangazwa mabingwa, CAF ikaamuru mchezo urudiwe, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaufuta uamuzi huo, na mwishowe kombe likabaki Tunis. Mfungaji wa bao lile lililokataliwa ni Walid El Karti, huyu huyu wa Pretoria. Miaka sita baadaye, kichwa kingine ugenini kwenye fainali, na hiki kikakubaliwa.

Baada ya fedheha ile fainali ikafanywa mchezo mmoja. Iliendelea hivyo 2020, 2021 na 2022. Sikuupenda utaratibu ule hata siku moja, na fainali ya 2022 ilithibitisha kwa nini: ilichezwa Casablanca, Wydad wakicheza nyumbani kwao dhidi ya Ahly. Wydad walistahili kwa soka walilocheza, lakini fainali ya namna hiyo inamnyima bingwa nafasi ya kuonyesha kwamba anaweza kushinda kwa mwenzake. Mwaka 2023 michezo miwili ikarudi, na nini kikatokea? Ahly walishinda 2-1 Cairo, wakaenda Casablanca, wakatangulia kufungwa, wakasawazisha kwa kichwa cha Mohamed Abdelmonem. Mwaka uliofuata walitoka na sare tasa Radès, wakamaliza 1-0 nyumbani. Kombe la 12.

Sasa turudi kwetu, maana hapo ndipo penye kidonda.

Mwaka 1974, kabla ya msemo wa Mkapa, Simba ya Dar es Salaam ilifika nusu fainali. Ikaifunga Mehalla ya Misri 1-0 nyumbani, ikafungwa 1-0 kule, ikatoka kwa matuta. Karibu miaka 50 baadaye, 2023, robo fainali: Simba inaifunga Wydad 1-0 kwa Mkapa, bao la Jean Baleke. Inafungwa 1-0 Casablanca. Inatoka kwa matuta. Ni hadithi ile ile iliyobadilishiwa majina.

Msimu wa 2018-19 ndio unaoeleza kila kitu. Katika makundi Simba ilishinda michezo yote mitatu ya nyumbani, ikiwamo ile ya Meddie Kagere dhidi ya Ahly na ile ya Clatous Chama dhidi ya AS Vita ya Kinshasa dakika za mwisho. Ugenini ilifungwa yote mitatu: 5-0 Kinshasa, 5-0 Misri, 2-0 Algeria. Mabao 12 bila jibu hata moja. Tukafuzu robo fainali kwa pointi tisa tukashangilia, na mimi nilishangilia. Kisha sare tasa na Mazembe Dar, 4-1 Lubumbashi. Mwaka 2021 tukadhani tumepona: ushindi wa 1-0 Kinshasa, uongozi wa kundi lililokuwa na Ahly ndani yake. Robo fainali ikaja, Kaizer Chiefs 4-0 Johannesburg. Zile tatu tulizowapiga Dar zilikuwa nzuri sana na hazikutosha.

Yanga wa 2024 nawaweka pembeni kidogo. Baada ya sare tasa Dar, walikwenda Loftus, uwanja ule ule wa El Karti, wakaibana Sundowns dakika zote tisini, na shuti la Aziz Ki likagonga mwamba na kudunda chini mahali ambapo hadi leo ninaamini palikuwa ndani ya mstari. Halikuhesabiwa. Wakatoka kwa penalti. Ni mchezo bora wa ugenini niliowahi kuona kwa timu ya Tanzania katika hatua hiyo, na sitaki kuuharibu kwa lawama.

Kwa nini tunakwama? Wengi watakuambia waamuzi, hoteli mbovu, taa za leza machoni mwa kipa. Vyote vipo. Lakini mimi naona sababu moja iliyo karibu zaidi: Simba na Yanga hawana ugenini. Ndani ya ligi yetu, wakienda Mwanza wanapokewa na mashabiki wao, wakienda Mbeya jukwaa ni lao. Mchezaji anaweza kukaa misimu mitatu Tanzania asizomewe na uwanja mzima hata mara moja. Halafu tunampeleka Cairo tukitegemea atulie.

Utaniambia Ahly nao wana mashabiki Misri nzima. Kweli. Tofauti ni kwamba wao wamefungwa kwingi na hawakusahau. Wamepoteza fainali tano. Aprili 2019, miezi miwili tu baada ya kutupiga sisi tano, Sundowns ya Pitso Mosimane iliwapiga wao tano bila Pretoria. Walifanyaje? Mwaka uliofuata wakamwajiri Mosimane mwenyewe, akawapa ubingwa wa 2020 na wa 2021. Sisi tulipigwa tano na Vita na tano na Ahly ndani ya mwezi mmoja, na kilichobaki midomoni mwetu ni zile 1-0 na 2-1 za nyumbani.

Ningependa kuona timu zetu zikitafuta mechi za kirafiki Algiers, Lubumbashi na Casablanca kabla ya msimu, hata kama zitafungwa. Ningependa kocha wetu mmoja aende ugenini na washambuliaji wawili, akitafuta bao dakika ya kumi badala ya kuhesabu dakika. Na mashabiki, mimi nikiwamo, tuache kumsamehe kila kitu anayeshinda nyumbani.

Wapo waliolifanya. Mwaka 2003 Zamalek walikuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Simba iliwafunga 1-0 Dar es Salaam, wakati huo Uwanja wa Mkapa haujajengwa na msemo wake haujazaliwa. Ikaenda Cairo na bao lile moja. Zamalek wakapata lao, kila kitu kikawa sawa, na uwanja mzima ukageukia upande wa goli alilosimama Juma Kaseja. Matuta yalipokwisha, bingwa mtetezi alikuwa ametolewa nyumbani kwake na vijana wa Msimbazi.